Kutengeneza chumvi (kemia): kwanini PbCO3 haiendi moja kwa moja na H2SO4?

mtahiniwa_huru
Wakuu habari za mchana. Mi ni mtahiniwa wa kujitegemea, najisomea kemia nyumbani kwa noti za kuazima na pasti pepa, maabara naingia jumamosi tu pale senta. Hii topiki ya chumvi inanitoa jasho. Njia zote nimekariri, asidi na metali, asidi na oksaidi, asidi na kaboneti, asidi na alkali, presipiteti (kushusha chumvi isiyoyeyuka), ya kuunganisha moja kwa moja, hata usiku wa manane ukiniamsha nakutajia. Afu likija swali ndo shida. Mfano, umepewa PbCO3 (kaboneti ya ledi, yaani risasi), eleza utakavyopata PbSO4 (salfeti ya ledi) kavu. Mi naona hapo si kaboneti na asidi, unamwaga H2SO4 (asidi ya salfuriki) kazi imeisha, ila majibu yanasema anza na HNO3 (asidi ya naitriki). Sasa kwanini nizunguke wakati salfeti ndo naitaka na asidi yake ninayo? La pili, kwenye CuSO4 (salfeti ya kopa) wanasema weka CuO (oksaidi ya kopa) mpaka izidi, kwenye NaCl (chumvi ya kula) hakuna kuzidisha eti mpaka bureti (mrija wa kupimia ujazo). La tatu wanakataza kukausha maji yote, kwani chumvi si ndo inabaki? Naombeni mnieleweshe, msinitupie linki.

Mwl_wa_Zamu
Dogo, hizo njia sita ziweke pembeni kwanza. Umekariri majibu kabla ya swali. Kabla hujachagua njia jiulize, chumvi ninayoitaka inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki? Ndo maana jedwali la kuyeyuka ndo la kukariri, tena fupi tu: naitreti zote zinayeyuka, chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu zinayeyuka, kloraidi zinayeyuka isipokuwa za fedha na ledi (ya ledi inakubali maji ya moto), salfeti zinayeyuka isipokuwa za bariamu na ledi, na ya kalsiamu inayeyuka kidogo sana, kaboneti zote haziyeyuki ukitoa zile za sodiamu, potasiamu na amoniamu.

Sasa rudi kwa PbCO3 yako. Yenyewe haiyeyuki, ni unga mgumu mgumu chini ya bika. Ukimwaga H2SO4 kweli inaanza kutoa povu, ila PbSO4 inayozaliwa nayo haiyeyuki, kwahiyo inajigandisha palepale juu ya chembe za kaboneti na kuzifunika, asidi haifiki tena ndani, povu linakata na wewe unabaki na mchanganyiko wa kaboneti na salfeti ambao huwezi kuutenganisha kwa kuchuja maana zote mbili ni unga. Ndo maana unapitia HNO3, naitreti yoyote inayeyuka, kaboneti yote inaisha:

PbCO3 + 2HNO3 → Pb(NO3)2 + H2O + CO2

Hapo una maji maangavu yasiyo na rangi wala kitu chini. Ndo unaongeza Na2SO4 (salfeti ya sodiamu) iliyoyeyushwa, au hiyo hiyo H2SO4 uliyokuwa unaililia, inashuka PbSO4 nyeupe. Chuja, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kausha. Kuzunguka kwako kote ni kutafuta kituo kinachoyeyuka katikati.

kichwa_ngumu
Mi nilifaulu kemia kwa kuandika "filter, wash and dry" (chuja, suuza, kausha) kila swali la chumvi 😂😂 hata la NaCl

Mwl_wa_Zamu
@kichwa_ngumu la NaCl walikupa sifuri sema hukuona karatasi. Chumvi inayoyeyuka ukiisuuza imeondoka na maji.

mama_bika
Mimi ni fundi wa maabara, niongezee la pili na la tatu maana hayo ndo nayaona kila wiki mezani.

Kuzidisha ni ujanja wa kumaliza asidi. CuO haiyeyuki kwenye maji, kwahiyo ukiona unga mweusi umebaki chini na haupungui tena hata ukikoroga kwenye moto, ujue asidi imeisha, unachuja unga unabaki kwenye karatasi na maji ya bluu yanapita yakiwa safi. Bila hivyo asidi inabaki mle ndani, ukichemsha maji yanaondoka asidi inazidi kukolea, chumvi yako inatoka na asidi. Kwa hesabu, 50 cm³ za H2SO4 ya 1M (moli moja kwa lita) zinakula gramu 4 za CuO, mi huwapimia gramu 5 hivi ili ibaki ya kuonekana. Kinadharia hapo unatoka na gramu 12.5 za krista za CuSO4.5H2O, ila hazifiki, nyingine zinabaki kwenye maji unayomwaga mwishoni, usishtuke.

NaOH (alkali ya sodiamu) na HCl (asidi ya haidrokloriki) za kutengenezea NaCl zote zinayeyuka na hazina rangi, ukizidisha moja utajuaje na utaichujaje? Haiwezekani mdogo wangu. Ndo maana bureti na indiketa (rangi inayobadilika asidi na alkali zikimalizana). Na hapa wengi wanasahau, ukishapata ujazo sahihi unarudia upya BILA indiketa kwa ujazo uleule, la sivyo chumvi yako itakuwa na indiketa ndani. Chumvi za sodiamu, potasiamu na amoniamu ukianza na alkali ndo njia yake hiyo. Na usije ukaandika kwenye mtihani kwamba NaCl utaipata kwa kutupia kipande cha sodiamu kwenye asidi, huo ni mlipuko.

Kuhusu kukausha, zile krista za bluu zina maji ndani yake, ndo hiyo .5H2O. Ukichemsha mpaka pakavu kabisa moto unayatoa na hayo pia, bluu inapotea unabaki na unga mweupe. Unapunguza maji mpaka yakolee, chovya kijiti cha kioo kitoe nje, kikipoa krista zikaota juu yake basi zima moto, acha ipoe taratibu, kesho yake chuja na ubanie krista kati ya filta pepa. Ukiwa na haraka utapata krista ndogo ndogo mbaya. NaCl haina maji hayo, yenyewe kukausha mpaka mwisho haina neno.

Na mikono unawe, ledi ni sumu.

pwani_mwenyewe
Niaje watu wa TZ, niko huku Kilifi Kenya na hili swali la PbCO3 sisi pia hutusumbua. Mimi ilinikaa kichwani nikiangalia mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Pale hakuna asidi wala nini, ni maji ya bahari yanapigwa jua kwa madimbwi, lakini swali ni hilo hilo la mwalimu, nani anayeyuka kidogo nani anayeyuka sana. CaSO4 haipendi kuyeyuka so inashuka mapema, maji yakiendelea kukolea NaCl ndio inafuata, na chumvi za magnesiamu zinabaki kwa yale maji machungu ya mwisho ambayo yanamwagwa. Ukikausha yote mpaka tone la mwisho utakula chumvi chungu. Hapo ndio nilielewa kwa nini husemi tu "evaporate to dryness" (kausha mpaka pakavu) kila mahali.

mtahiniwa_huru
Aisee shikamoo mwalimu, shikamoo mama bika, na pwani asante sana. Naomba nijipime. BaCO3 (kaboneti ya bariamu) mpaka BaSO4 (salfeti yake): H2SO4 moja kwa moja hapana, itajifunika. Naanza na HNO3, afu Na2SO4, nachuja, nasuuza, nakausha. Swali, nikikosa HNO3 nikatumia HCl inakubali? Na je nyumbani naweza jaribu kitu chochote, nimeona watu wanauza maji ya betri.

mama_bika
Maji ya betri ACHA, hiyo ni H2SO4 kali inatoboa nguo na macho. Chukua ganda la yai na siki, utaona povu la CO2 na ganda linaliwa polepole, hiyo ni kaboneti na asidi ya kweli kabisa na hakuna atakayeumia.

Mwl_wa_Zamu
Marahaba. Kwa bariamu HCl inakubali, BaCl2 inayeyuka vizuri tu. Kwa ledi haikubali, PbCl2 nayo itajifunika vilevile, hapo ni HNO3 peke yake. Umeona jedwali lilivyojibu bila hata kuniuliza? Haya na wewe nijibu, una kipande cha fedha, unataka AgCl (kloraidi ya fedha).

mtahiniwa_huru
Fedha haiitikii HCl... kwahiyo HNO3 kwanza napata AgNO3, afu naongeza NaCl, inashuka AgCl nyeupe, nachuja nasuuza nakausha?

Mwl_wa_Zamu
Ndo hivyo. Sasa nenda kafanye na PbI2 (aiodaidi ya ledi) ukianzia PbO (oksaidi ya ledi).

mama_bika
Ila hiyo AgCl kaushia kabatini, ukiiacha dirishani jua litaigeuza ya kijivu kabla hujamwonyesha mtu.