Mtambo wangu wa gesi umechacha baada ya kuutilia mabibo. Nimekosea wapi?

mama_shaibu (Tandahimba)

Habarini za jioni ndugu zangu. Nina ekari tatu za mikorosho, na kila msimu naumizwa na jambo lilelile: korosho zinakwenda ghalani, mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yanabaki chini ya miti yananuka mpaka nzi wanahamia jikoni. Msimu huu nimepeleka kilo 780 za korosho ghafi. Kilo moja ya korosho huja na mabibo kilo 6 hadi 10, kwa hiyo hata kwa hesabu ya chini ni zaidi ya tani nne na nusu zimeozea miguuni pangu. Na binti yangu bado anaamka alfajiri kufuata kuni.

Novemba nikasema sasa basi. Nikanunua tanki la plastiki la lita 1,000, shemeji akanifungia koki na mfuko wa kukusanyia gesi. Samadi nilipata ndoo sita tu, maana huku kwetu ng'ombe si wengi. Nikachanganya na maji ya tanki la mvua, na mnaoishi huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni adimu, mnajua maji hayo yana thamani gani. Wiki ya nne nikawasha, moto wa buluu, nikachemsha chai ya nyumba nzima. Nililia, nasema kweli.

Basi nikaanza kutia mabibo yaliyotwangwa, ndoo mbili za lita 20 kila siku. Siku ya tano moto ukafifia. Siku ya nane haukushika kabisa, ingawa mfuko umejaa hadi unataka kupasuka! Ukifungua, harufu ni ya siki na mayai viza kwa pamoja.

Naomba kujua kama huu mtambo unaweza kufufuka. Halafu jirani ananiambia niachane na gesi, nichukue uraka, yaani pombe ya juisi ya mabibo iliyochachushwa, niupike hadi utoe spiriti ya jiko, kwa kuwa akina mama huku kupika nipa, ile pombe kali ya mabibo, wanakujua tangu zamani. Ana haki?

fundi_kuba (Masasi)

Shikamoo Mama Shaibu. Mtambo haujafa, umevimbiwa.

Humo ndani kuna vijidudu vya makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza linavunja sukari na kutoa tindikali. Kundi la pili linachukua tindikali hiyo na kutoa methani, ndiyo gesi inayowaka. Hao wa kwanza wanaongezeka kwa saa, hao wa pili kwa siku nyingi. Fikiria wabanguaji ishirini wanamwaga korosho mezani kwa mfungaji mmoja wa magunia. Ukiwaongezea wabanguaji kazi, meza inafurika, na yule mfungaji anaacha kabisa. Samadi haina haraka, ndiyo maana ilikuwakia vizuri. Bibo ni sukari tupu na maji, linavunjika siku ileile.

Ndoo mbili ni kama kilo 40 kwa siku. Kwa tanki la lita 1,000 ni nyingi mno, hata kama lingekuwa limekomaa. Gesi iliyojaza mfuko sasa ni kabonidayoksaidi kwa wingi, na hiyo haishiki moto hata ukichoma kiberiti kizima.

Fanya hivi. Acha kulisha kabisa kwa wiki mbili. Toa ndoo tano za uji ulioko ndani, umwage mbali kidogo na mashina. Rudisha samadi mbichi kiasi hichohicho. Ukikosa samadi, nenda machinjioni uombe uchafu wa tumboni mwa ng'ombe, una vijidudu hai vingi. Tia na maji ya chokaa kidogokidogo, huku ukipima kwa karatasi za kupimia tindikali. Unatafuta pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 6.8 na 7.4. Moto ukirudi, anza na kilo moja ya mabibo kwa siku, ongeza kilo moja kila wiki, na usipite kilo sita. Na usiongeze maji tena: zaidi ya asilimia 80 ya bibo ni maji. Hilo ni jambo kubwa kwa nyumba ya Tandahimba, na sijui kwa nini hatulisemi tunapofundisha watu wa huko juu.

Swali moja: ulipuliza salfa mwaka huu?

mama_shaibu

Marahaba mwanangu. Ndiyo, mara nne, kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Ya mwisho ilikuwa Septemba.

fundi_kuba

Basi hayo ndiyo mayai viza unayonusa, au sehemu yake. Kuna vijidudu vinavyogeuza salfa kuwa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo inakula koki na jiko, na ikiwa nyingi ni sumu ya kuua, kwa hiyo usiweke mfuko chumbani mnakolala. Osha mabibo kabla ya kutwanga. Kisha katikati ya mpira wa gesi funga kipande cha bomba, ukijaze nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zilizokwisha kupata kutu. Kutu inanasa hiyo salfa. Ukiona imegeuka nyeusi, badilisha.

mwalimu_mtama (Lindi)

Mama Shaibu, naomba nijibu la jirani yako, maana nafundisha kemia na hesabu hii nimewahi kuifanya ubaoni na vijana wangu.

Juisi ya bibo ina sukari kama gramu 100 kwa lita. Hamira hutoa gramu 51 za ethanoli kwa kila gramu 100 za sukari, hapo kila kitu kikienda sawa. Lita 100 za uraka zitakupa basi kama lita 5 za spiriti, ukiondoa upotevu. Sasa zipike. Kuzipasha lita 100 na kutoa mvuke wa kutosha kunahitaji joto la kama megajuli 60 (megajuli ni kipimo cha nishati) liingie kwenye pipa. Mafiga matatu yanapeleka chunguni kama asilimia 13 tu ya moto wa kuni, kwa hiyo utachoma kuni kilo 28 hivi. Na zile lita 5 zikiwaka kwenye jiko zuri la spiriti, kinachofika chunguni ni karibu megajuli zilezile 60. Umechoma mzigo mzima wa kuni ili upate moto ambao mzigo huohuo ungekupa moja kwa moja.

Viwandani inalipa kwa sababu wanatumia tena joto lao, na wanapika kwa mabaki ya mazao yao. Nyumbani hailipi. Gesi haihitaji kupikwa: inajitoa yenyewe kwenye maji, na joto letu la pwani linatosha vijidudu mwaka mzima. Isitoshe, kupika pombe kali bila leseni ni kosa kisheria, na polisi hatasikiliza habari ya jiko.

Wenye shaka kwamba taka za shamba zinaweza kazi hii waangalie Hale, Tanga, ambako mabaki ya mkonge yamezalisha gesi ya kuendesha jenereta ya umeme. Sisi tuna gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo chini ya miguu, na bado mama wa Tandahimba anabeba kuni. Kwa hiyo hilo tanki lako silioni dogo hata kidogo.

mzee_mikinda

Na maganda ya korosho je? Ninayo magunia.

fundi_kuba

Hapana mzee wangu, usiyatie humo. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi ya mtu, sembuse vijidudu. Mabua ya mbaazi na ufuta nayo ni magumu, vijidudu hawa hawawezi kutafuna mti. Maganda ya muhogo yanafaa, kidogokidogo.

mama_shaibu

Nimerudi, wiki ya sita leo. Nilipata uchafu wa machinjioni ndoo nne, chokaa nikatia vikombe vitatu kwa siku tatu. Wiki ya tatu moto ukarudi. Sasa natia kilo nne kwa siku, na jana jioni jiko limewaka dakika 35, buluu, bila harufu tangu nilipofunga zile nyuzi. Uji na chai vinapikika. Maharage bado ni kuni, na sasa naelewa kwamba tanki la lita 1,000 haliwezi kulisha nyumba ya watu saba.

Mabibo ya mwisho sikuyaacha yaoze. Nimeyatwanga, nikayashindilia kwenye mapipa mawili, nikaziba yasipate hewa. Fundi, nikifungua pipa la kwanza, nianze na kilo ngapi?

fundi_kuba

Nusu kilo, mama. Yatakuwa machachu kuliko mabichi. Pima pH siku ya tatu kabla hujaongeza.