Naomba ushauri: bustani ya mteremko Goba, ngazi za mawe na maua ya kunukia

Wakuu, habari za leo. Nyuma ya nyumba yangu Goba, Dar, ardhi inashuka kama mita mbili kutoka barazani hadi ukuta wa chini. Masika maji yanachimba mfereji katikati, ukoka unang'oka na udongo wote unarundikana kwa jirani.

Nataka kukata matuta matatu, kila moja na ukuta mfupi wa mawe, ngazi pana katikati. Mawe yakishakaa sawa, maua nayaachia yajimwage: asumini iparamie upinde wa mbao juu ya ngazi, rehani na mawaridi pembeni, mkilua karibu na dirisha la chumbani (mama watoto ni wa Pemba, hilo halina mjadala).

Fundi anasema ukuta mmoja mrefu ni nafuu. Siafiki, maji yakijaa nyuma yake utasukumwa. Kwa kuta fupi, mabomba ya kutolea maji yaachane kiasi gani, na kokoto za nyuma ya ukuta ziwe na unene gani?

Halafu mlangilangi (ylang-ylang, mti wa maua ya kunukia): Komoro wanaukata uwe mfupi ili wachume kwa mkono. Nani kafanya hivyo nyumbani? Na miche ya vetiva (nyasi zenye mizizi mirefu) ya kushikilia kingo mnapata wapi?