Kuendesha mashirika yasiyo ya faida: ni taaluma kamili au tawi la biashara lililopewa jina jipya?

Mleta mada:
Wakuu, kuna wanaosema kusomea shahada ya uendeshaji wa mashirika yasiyo ya faida ni kuchoma ada: soma biashara au utawala wa umma, mengine utayakuta kazini. Napinga.

Muuza viatu akiuza kibovu, mteja harudi, naye anajua mapema. Shirika linalogawa dawa kwa fedha za mfadhili halipati onyo hilo. Anayelipa hatumii, anayetumia halipi, kwa hiyo huduma inaweza kuoza huku ripoti zikipendeza. Henry Hansmann, msomi wa sheria na uchumi wa Marekani, aliandika juu ya hili mwaka 1980: shirika la namna hii halijakatazwa kupata ziada, limekatazwa kuwagawia wanaolisimamia. Katazo hilo ndilo humpa imani mchangiaji asiyeweza kwenda kukagua mwenyewe.

Njoo kwenye hesabu. Salio benki limenona, ila mhasibu hajalipwa mshahara. Wala hakuna aliyeiba. Fedha zote zimefungwa kwenye miradi, na kuzigusa kwa mshahara wa ofisini ni kuvunja mkataba. Aliyezoea hesabu za kampuni akiona salio lile atasema shirika lina afya.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejifunga mwenyewe. Hansmann katokea sheria na uchumi. Burton Weisbrod, aliyeeleza kwamba mashirika haya huziba pale serikali inapomridhisha mpiga kura wa kawaida na kuwaacha wengine, ni mchumi. Taaluma gani hiyo ya kuazima kila nguzo? Ongezeni kozi mbili kwenye shahada ya biashara, yatosha. Tena mkishaanza kudai vyeti, yule mama aliyelea yatima miaka nenda rudi ataambiwa hana sifa, aletwe kijana wa joho.

Mleta mada:
Kuazima si hoja. Masomo ya biashara yenyewe yameazima uchumi, saikolojia na sosholojia, na hakuna anayetaka yafutwe chuoni.

Kuna kazi ambayo walioazimwa hawakuifanya. Takwimu za taifa zilikuwa zikiyatawanya mengi ya mashirika haya, mengine yakihesabiwa na kampuni, mengine na serikali, hata ukubwa wa sekta usionekane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Lester Salamon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walianza kuipima sekta hiyo nchi kwa nchi, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukatoa mwongozo wa kuihesabu peke yake. Chuo Kikuu cha Indiana nacho kimekuwa na skuli nzima ya kufundisha masuala ya uhisani tangu 2012. Hizo ni kozi mbili?

La yule mama nakuunga mkono. Cheti kisiwe kizuizi mlangoni, na vyuo vinavyokiuza hivyo vinaharibu.

Mchangiaji wa pili:
Mnazunguka tu. Mimi shida ninayoiona ni bodi. Mkurugenzi anaajiriwa na watu wanaojitolea, hawalipwi, hawana hisa za kupoteza, na mara nyingi mmoja wao ndiye mwanzilishi asiyetaka kung'atuka. Utamwondoaje mtu anayejitolea? Darasa la biashara linakufundisha mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. Hapa hisa hakuna. Anayepinga taaluma hii aniambie hilo atalisomea wapi.