Mjadala: Watoto wachanga na kirusi cha RSV, Lamu tudai dawa kwanza au oksijeni?

Wengi hapa Lamu wanataka kaunti inunue dawa ya kuua RSV, kirusi kinachombana mtoto kifua hadi mbavu zikaingia ndani kila avutapo pumzi. Uchungu wa wazazi hao nauelewa. Lakini dawa kutangulizwa, napinga.

Dawa ya zamani ya RSV, ribavirini, iliidhinishwa Marekani miaka ya 1980. Mtoto huivuta kama mvuke saa 12 hadi 18 kwa siku, siku kadhaa mfululizo. Ni ghali, wahudumu wajawazito hukatazwa kuikaribia, na ushahidi kwamba inaokoa maisha ni hafifu. Madaktari wa watoto wa hukohuko hawaitumii kama tiba ya kawaida. Ipo mpya, ziresoviri: matokeo ya majaribio ya China yaliyochapishwa 2024 yalionyesha inapunguza dalili kwa watoto waliolazwa. Hizo ni habari njema sana, ila ni za mtoto aliyekwisha kufika wodini.

RSV huua watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka, zaidi ya asilimia 97 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wengi wakifia nje ya hospitali. Mtoto wa Kiunga au Kizingitini akizidiwa usiku, kusi inavuma na bahari imechafuka, kinachomfikisha asubuhi ni oksijeni, kutolewa kamasi puani, na maziwa kwa mrija akishindwa kunyonya. Antibayotiki haziui kirusi. Kipima oksijeni cha kidoleni humwonyesha nesi nani apakiwe botini sasa hivi; kwa macho tu huwezi kujua kila mara. Vifaa hivi viwe katika kila zahanati ya visiwani na ya pwani.

Halafu kuna kinga. Mama huchanjwa kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, na kinga yake humfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha chanjo hiyo Machi 2025. Wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu watazame Kilifi hapo jirani: watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekifuatilia kirusi hiki kwa zaidi ya miaka 20, kwa watoto wetu wenyewe.

Ndugu zangu mnaotaka dawa kwanza, nijibuni: ikifika kesho, mtoto wa Kiunga ataivutia mashine gani, akiangaliwa na nani saa zote hizo?