Dashikamu kwenye IST: fundi anataka kuunga nyaya kwenye redio, ni sawa?

Mkazi wa Nyegezi
Wakuu, gari ni Toyota IST, betri saizi ya NS40, linalala nje ya geti. Nataka dashikamu (kamera ya kwenye kioo cha mbele) irekodi hata gari likiwa limezimwa. Seti ya nyaya niliyonunua ina nyekundu, njano na nyeusi. Fundi anasema nyekundu na njano aziunge pamoja kwenye waya wa redio unaowaka na swichi. Kamera yenyewe bado sijanunua. Mnanishaurije?

Umeme wa Magari Igoma
Asiguse waya wa redio, mkuu. Njano inaleta umeme wa kudumu. Nyekundu inaiambia kamera kwamba swichi imewashwa. Akiziunga pamoja hapo, ukizima gari kamera nayo inakufa. Akiziunga pamoja kwenye umeme wa kudumu, kamera itadhani gari linatembea usiku kucha na haitaingia hali ya paki, ile ya kulinda gari likiwa limeegeshwa.

Nunua adapta mbili za fyuzi, zile zenye miguu ya kuchomeka mahali pa fyuzi, matundu mawili ya fyuzi na waya wa kutolea umeme. Ng'oa fyuzi moja uende nayo dukani, saizi zinatofautiana. Njano iweke kwenye fyuzi yenye umeme saa zote, mfano taa ya ndani. Nyekundu kwenye inayokufa ukizima, mfano soketi ya sigara. Pima kwa tesita, usiamini maandishi ya kifuniko peke yake. Fyuzi za airbag, ABS na kompyuta ya injini ziache kabisa.

Fyuzi ya zamani inakaa tundu la karibu na miguu ya adapta, ya kamera (ampea 2 au 3) tundu la pili. Hapa ndipo wengi wanakosea upande. Chomeka adapta ikiwa na fyuzi ya kamera tu, swichi iwe imewashwa: waya wake ukiwa na umeme, umepatia, usipokuwa nao, igeuze. Ukiiacha kinyume, mzigo wa kamera unapita kwenye fyuzi zote mbili.

Nyeusi ifunge kwenye bolti inayoshika bodi, kwangua rangi kwanza. Ethi (huo muunganiko wa nyeusi na bodi) mbovu ndiyo inayofanya kamera kujizima na kujiwasha.

Kwenye nguzo ya kioo, kama imeandikwa SRS (ina airbag ndani), waya upite nyuma ya airbag, kamwe usipite mbele yake.

Capri Point
Kamera chukua yenye kapasita, siyo ya betri ya lithiamu. Jua la mchana kwenye kioo linavimbisha lithiamu. 1080p inatosha: kwa megabiti 15 kwa sekunde inakula kama GB 6.75 kwa saa, hivyo kadi ya GB 64 inashika saa 9 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kadi iwe ya kurekodi mfululizo. Ya kawaida inachoka mapema. Mpangilio wa taa weka 50 Hz, saa GMT+3.

Mkazi wa Nyegezi
Asanteni sana. Betri si itaisha usiku?

Umeme wa Magari Igoma
Kamera ikivuta ampea 0.25, saa 12 ni Ah 3 tu. Weka kikomo cha kuikatia kamera umeme kiwe volti 12.2, au 12.4 kama betri imezeeka. Kile cha 11.8 kikwepe, hapo betri imeshakaribia kuisha na asubuhi stata itagoma.

Kihisi cha mtikisiko cha kamera kiwekee usikivu wa chini kabisa. Kwa mawe na mashimo ya barabara zetu za milimani, ukiweka usikivu wa juu kila shimo linafunga video isifutwe, kadi inajaa na kamera inaacha kurekodi.