Naamani na nyumba ya Rimoni: naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mpare_Ugenini: Bwana asifiwe wapendwa. Nimepewa kufundisha vijana somo la mataifa kumgeukia Mungu, nikachagua Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, 2 Wafalme 5. Nimekwama mstari wa 18. Mtu ametoka Yordani ametakasika, amekiri hakuna Mungu duniani kote ila katika Israeli, halafu anaomba asamehewe atakapoinama nyumbani mwa Rimoni, mungu wa Washami, mfalme wake akitegemea mkono wake. Nabii Elisha anamwambia aende kwa amani. Hiyo ni ruhusa au siyo? Silali.

Msomaji_wa_Isaya: Achana na Naamani, huyo ni mtu mmoja. Fundisha Isaya 19. Ashuru ileile iliyoiangusha Samaria mwaka 722 KK, nabii anaiona ikiabudu pamoja na Misri! Mungu anaiita Misri watu wangu, na Ashuru kazi ya mikono yangu. Vijana wakishika hapo wameelewa.

Mama_Wawili: Mimi na Ruthu tu. Nilipoolewa Usukumani sikujua hata salamu yao. Mama mkwe akaniweka jikoni kwake, akanifundisha kusonga ugali wa mtama mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Imani yake niliipokea palepale mafigani. Yule Mmoabi naye alianza kwa kumfuata mama mkwe wake, Naomi.

Fundi_Saa: Somo la vijana halimkoseshi mtu usingizi. Jumamosi kuna nini?

Mpare_Ugenini: Haya. Ukoo unatambika. Babu haoni, na mimi mjukuu mkubwa ndiye ninayemshika mkono hadi chini ya mti. Akiinama kumwaga dengelua, pombe yetu ya miwa, naye mshikaji anainama, la sivyo mzee anaanguka. Nimeokoka, ila sitakunywa wala kutamka neno. Hela ya mbuzi nimeshatuma, lakini ni ya kitoweo cha wageni.

Simama_Imara: Ndugu, mbuzi mmoja hana nyama ya wageni na nyama ya mizimu! Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa na sababu nzuri kuliko zako, na hawakuinama. Soma pia 1 Wakorintho 8:10. Ndugu dhaifu akikuona pale, atajifunza nini?

Mpare_Ugenini: Wale waliamriwa kuabudu sanamu. Mimi natakiwa kumshika mzee asianguke. Na tiketi nimeshakata.

Kijiwe_Cha_Kahawa: Mkuu, tuelekeze kijijini. Wengine tutakuja kuombea supu 😂

Hanidanganyi_Mtu: Jamani, hamshtuki? Mfalme anategemea mkono, babu anategemea mkono. Mfalme anainama, babu anainama. Hii chai, tena ya tangawizi. Jamaa kasoma sura akaivalisha kanzu ya Upareni.

Kijiwe_Cha_Kahawa: Eh, kweli! Weka picha ya tiketi.

Mama_Wawili: Mwacheni kijana wa watu. Mkiambiwa ukweli mnataka risiti?

Mpare_Ugenini: Picha siweki. Nilimchagua Naamani kwa sababu ya babu, sikumtunga babu kwa sababu ya Naamani.

Fundi_Saa: Iwe chai isiwe chai, wapo wengi humu wenye babu kama huyo. Mpare, umerukia mstari wa 18 ukauacha wa 17. Naamani alisema kwanza, wafuasi wake wote wakiwa naye, kwamba hatamtolea mungu mwingine sadaka, akaomba na udongo wa nyumbu wawili aondoke nao. Baada ya hapo ndipo akamtaja Rimoni. Na Rimoni alikuwa ndani ya ukoo wa kifalme kabisa: tazama 1 Wafalme 15:18, baba yake Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, aliitwa Tabrimoni. Naamani alijua anarudi kwa watu gani. Sasa nijibu: babu anajua umeokoka?

Mpare_Ugenini: Hajui.

Fundi_Saa: Mpigie leo, kabla hujapanda basi. Na umwambie yule mbuzi ni wa nini. Akikuambia bado anataka mkono wako, rudi hapa tuzungumze mstari wa 18.