Tupeane uzoefu: kulimia watu bustani kwa pawatila hapa Dodoma, inalipa?

Mtumishi wa Iyumbu
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Nala nikamkuta kijana analima kiwanja cha mtu kwa pawatila, kile kitrekta kidogo unachokiongoza kwa mishikio huku unatembea nyuma yake, vumbi jekundu limempaka mpaka kwenye kope, na nje ya uzio wanaume wawili wanamsubiri amalize aende kwao. Nimerudi nyumbani nalifikiria hilo tu. Tangu serikali ihamie huku kila mtu ana kiwanja, na kila mwenye kiwanja anataka mchicha wake, mihogo yake na mipapai miwili. Nina akiba kidogo. Nawaza kununua pawatila iliyotumika, niwe nalimia watu jioni na wikiendi. Aliyewahi kufanya aniambie ukweli. Wale wa "changamkia fursa" naomba wapite kimya.

Mbukwa Chamwino
Kazi ipo mkuu, shida ni kalenda. Mvua yetu ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Desemba ikijisikia, Februari inakatika, Aprili imeshaaga. Ardhi ikilowa mara ya kwanza simu zinapigwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wote wanakutaka siku hiyo hiyo. Wiki tatu baadaye hakuna anayekukumbuka. Mwaka wangu wa kwanza nililima bustani 41 ndani ya siku 20, halafu mashine ikalala chini ya mwembe mpaka kuku wakatagia juu yake.

Mbukwa Chamwino
Nimesahau kitu. Mteja akikwambia "njoo unilimie kabustani", usitaje bei kwenye simu. Nenda upime kwa hatua. Heka ni hatua 70 kwa 70. Mimi niliitwa kabustani Msalato, nimefika nakuta nusu heka ina visiki, na bei nilishasema 20,000. Nililima, maana neno langu lilishatoka, lakini dizeli peke yake ilikula zaidi ya nusu ya hela.

Kidato Kibaigwa
Hapo kwenye kupima naunga mkono mia kwa mia.

Plau ya Ng'ombe
Niwe mkweli, pawatila si ya udongo wetu. Kiangazi ardhi ni saruji, masika udongo mweusi wa mbuga unanata kama ulimbo. Babu yangu alikuwa kibarua Kongwa kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Walileta matrekta makubwa ya kila namna, ardhi ikayashinda, wakaondoka. Leo mtu analeta kimashine cha kusukuma kwa mkono! Ng'ombe wawili na plau, basi. Ng'ombe hadai spea.

Mpimaji Udongo
Plau, ile habari ya Kongwa watu mnaikata nusu. Walipanga kulima mamilioni ya heka za karanga bila kuijua mvua ya pale, wakang'ang'ana na ardhi iliyokauka. Wenyeji wangewaambia bure. Huwezi kuilinganisha na bustani ya hatua 20 kwa 30 ambayo mwenyewe anaimwagia maji jana yake. Chukua udongo wa kina cha kiganja, ufinyange. Ukishikana halafu ukaubonyeza ukapasuka, lima. Ukitoka maji au ukabaki kama ubani wa kutafuna, rudi nyumbani, maana ukiulima hivyo utakauka mabonge ambayo hata jembe la mkono halivunji.

Plau ya Ng'ombe
Sijasema walikuwa na akili. Nimesema ardhi iliwashinda. Soma vizuri.

Mpimaji Udongo
Nimesoma. Na ng'ombe anadai majani, tena kiangazi hiki cha Dodoma ni ghali kuliko hiyo spea.

Mama wa Mpunguzi
Vijana acheni kuvutana, mwenzenu ameuliza biashara. Mwanangu Mtumishi, ukitegemea bustani za mvua utalala njaa. Njoo kwenye zabibu. Sisi tunaomwagilia tunavuna mara mbili kwa mwaka na magugu hayana likizo. Namwita mtu wa pawatila apite katikati ya mistari mara nne, mara tano kwa mwaka, kuliko kuweka vibarua kumi kwa siku sita. Ila nimefukuza wawili. Mmoja alipita karibu na shina akakata mizizi ya juu, mistari miwili ikanyauka nikiiangalia. Mwingine aligonga nguzo, waya wote ukalala na majani yake. Kaa nusu mita kutoka kwenye shina, hicho kipande kilichobaki nitapalilia mwenyewe kwa jembe. Ukifanya hivyo nakupa na majirani zangu wote.

Mtumishi wa Iyumbu
Asante sana mama. Hili sikuwa nimeliwaza kabisa.

Hesabu za Jioni
Usimpe dereva. Narudia, USIMPE DEREVA. Nilimpa kijana tukakubaliana hesabu ya kila siku, akawa anasema mvua imenyesha hakulima, kumbe analima Nzuguni mpaka taa za barabarani zinawaka. Madereva wote ni walewale.

Dereva wa Nkuhungu
Bosi, mimi ni dereva na hilo "wote" limeniuma. Mnatupa mashine beringi zimekwisha, oili nyeusi kama masizi, halafu jioni mnataka hesabu kamili. Ikifia shambani, anayeisukuma hadi kwa fundi ni nani? Mpe dereva theluthi ya kila bustani badala ya hesabu, uone kama atakuficha kazi.

Hesabu za Jioni
Theluthi! Basi na mashine ichukue kabisa.

Bomba Limepasuka
Ulizia mabomba kabla ya kutia gia. Mengine ni ya plastiki, yamefukiwa kina cha kidole. Nililikata moja, mtaa mzima ukaja na ndoo.

Kaka wa Hombolo
Nimesoma mpaka hapa nikaona nisipoandika leo sitaandika tena.

Ilikuwa Januari, asubuhi, usiku mvua ilinyesha. Pawatila ilikuwa yetu, mimi na mdogo wangu, na yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Bustani ya mama mmoja, ukuta mbele, mpapai kushoto. Alipofika ukutani hapakuwa na pa kugeuzia, akatia gia ya nyuma bila kuzima visu, vile vinavyozunguka nyuma kuchimbua udongo. Ile mashine ikirudi nyuma mishikio inanyanyuka na kukusukuma kifuani. Chini ilikuwa utelezi. Nilimwona anakaa, kama mtu anayekaa kwenye kigoda, na mashine inamfuata.

Injini ilibadilika sauti, ile sauti ya kukaba. Nilikuwa nimeshika kidumu cha dizeli, sijui nilikitupa wapi. Nikavuta ile leva ya kuzimia. Ukaja ukimya, halafu ndipo akalia. Suruali yake ya jinzi ilikuwa imejisokota kwenye shafti kama kamba ya kisima. Mwenye bustani akakimbia ndani, akaja na kisu cha jikoni, bado kina utelezi wa mlenda, tukakata jinzi uzi kwa uzi huku dogo ananishika shingo. Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kulia. Yule mama alituletea unga wa uwele kila Jumapili mpaka kidonda kikafunga.

Juu ya visu huwa kuna bati la kinga. La kwetu tulilitoa wenyewe, kwa sababu matope yalikuwa yanaganda ndani yake na tunachelewa kwa wateja. Mashine niliiuza wiki ileile kwa mtu wa Bahi. Sikumwambia kilichotokea. Bati lenyewe sikumpa, lilibaki nyuma ya jiko letu na bado lipo.

Mama wa Mpunguzi
Pole sana mwanangu. Mdogo wako anaendeleaje?

Kaka wa Hombolo
Anatembea vizuri mama. Ana duka dogo la vocha na vinywaji. Mashine ikipita barabarani anaingia ndani.

Dereva wa Nkuhungu
Pole kaka. Hata mimi gia ya nyuma ilishanikosa kidogo. Sheria yangu: visu vinazimwa KWANZA, ndipo unarudi. Na vaa buti ngumu.

Kidato Kibaigwa
Buti zinanasa, bora viatu vyepesi uruke haraka.

Dereva wa Nkuhungu
Kisu hakikusubiri uruke ndugu yangu. Vaa buti, suruali uichomeke ndani.

Plau ya Ng'ombe
Mnaona sasa. Ng'ombe ukimwambia simama anasimama.

Mbukwa Chamwino
Wa kwako labda. Wa baba mkwe wangu aliondoka na plau mpaka Mvumi.

Mpimaji Udongo
Kaka wa Hombolo, samahani kwa kusema hivi wakati wa pole. Huyo wa Bahi analimia jaruba za mpunga, matope tupu, bila kinga. Mtafute.

Kaka wa Hombolo
Najua. Nimelijua hilo miaka miwili.

Hesabu za Jioni
Mimi nilikuja kubishana habari za madereva, sasa nimetoka nje na tochi kukagua mashine yangu. Bati lipo, limeshikwa na nati moja kati ya nne. Kesho haitoki mpaka fundi aje. Dereva wa Nkuhungu, tuzungumze pembeni kuhusu ile theluthi.

Mtumishi wa Iyumbu
Wakuu, nimeelewa. Nitaanza kwa kukodi mashine msimu huu na kuendesha mwenyewe, na Jumamosi nilipanga nije Mpunguzi kuona mistari ya mama.

Kaka wa Hombolo
Namba ya yule mtu haipatikani. Naijua njia ya kwake lakini, ni ng'ambo ya reli. Jumamosi nakwenda na hilo bati.

Mtumishi wa Iyumbu
Basi Mpunguzi nitakwenda Jumapili. Nina pikipiki ina keria kubwa, bati litakaa. Nikufuate Hombolo saa ngapi?

Kaka wa Hombolo
Saa kumi na mbili asubuhi. Dogo amesema naye anakuja.